Nataka gari la umeme, mume anataka Probox

Salaam Somo,

Nakuandikia saa tisa usiku nikiwa zamu, wodi imetulia kidogo. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Mombasa kisiwani, nina miaka 38 na watoto wawili. Mume wangu yuko Doha, mwaka wa sita huu, kazi yake udereva. Anatuma matumizi, anapiga simu, sina la kumlaumu huko. Linalotukosanisha ni gari.

Tunaishi Mtwapa, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili. Nikijumlisha kwenda kazini, kurudi na kuzungukia shule ya watoto, kwa siku ni kama kilomita 50. Zamu ya mchana ikiisha, hadi nipate matatu na tutoke kwenye foleni ya Nyali, nafika steji saa tatu usiku. Februari kijana alininyakulia mkoba hatua chache kutoka langoni kwetu. Tangu siku hiyo nalipa tuktuk kutoka steji, na zamu za usiku nalipa teksi. Nimeandika kila shilingi kwenye daftari: mwezi uliopita nauli imekula 19,400.

Nina akiba ya milioni 1 na laki 1 kwenye Sacco ya kazini, mume ana laki 7. Tulikubaliana mwaka huu tununue gari, na kukubaliana kwetu kukaishia hapo.

Kuna yadi moja ina Nissan Leaf ya 2019, nyeupe, imetoka Japani, betri ya kilowati-saa 40, imetembea kilomita 61,000. Bei ni milioni 1 na laki 7. Niliijaribu hadi Nyali na kurudi. Somo, haina mngurumo! Ukikanyaga inaitika papo hapo, na ubaridi wake ndani utadhani uko Limuru. Vijiti vya betri kwenye dashibodi ni 11 kati ya 12, muuzaji anasema kimoja tu hakina neno. Akanionyesha karatasi ya Kijapani: ikijaa, kilomita 400. Kwa mama Wundanyi ni kama 200, kwa hiyo naenda na kurudi kwa chaji moja. Stima yenyewe, tokeni ya elfu moja hunipa yuniti thelathini na kitu, na lita ya petroli inakaribia 180. Fundi wa ploti kasema tutateremsha extension kutoka dirisha la sebuleni hadi pale ninapoegesha.

Mume hataki hata kusikia. Juzi alinitumia sauti: "Hilo ni simu ya mtumba yenye magurudumu. Betri imeshaliwa na mwenyewe wa kwanza. Na joto la Mombasa hilo, ikifa utainunua wapi nyingine?" Anataka Probox, eti akirudi abebe mboga za mama kutoka Wundanyi hadi soko la Kongowea. Mimi niingie hospitalini nikinuka kabichi? Dada yangu anasema mume hataki tu mke ashike usukani kabla yake, nami naanza kuamini.

Muuzaji anataka laki 2 za kushikia kabla ya mwisho wa mwezi, na hazirudishwi. Kwangu zipo. Nimefikiria nilipe, mume ajue gari likiwa limeshafika langoni. Je, gari hili ni zuri au ni bovu? Na kumficha wiki mbili tu ni kosa?

Mpanda Tuktuk, Mtwapa

---

Mwanangu Mpanda Tuktuk,

Pole kwa mkoba, na pole zaidi kwa ule mwendo wa kuangalia nyuma kila hatua. Hilo nimeliweka mbele kwa sababu barua yako imelitaja kwa sentensi mbili na gari kwa ishirini, ilhali nahisi ni mkoba ule uliokupeleka yadi. Unatafuta njia ya kufika kwako salama saa tatu usiku. Gari ni jibu moja la haja hiyo, na mume wako ana haja nyingine kabisa. Ndiyo maana mkiliongelea gari hamwelewani.

Umeuliza zuri au bovu. Marehemu mume wangu alikuwa na gereji miaka 22, na mtu akimuuliza hivyo alikuwa akijibu kwa swali: la kwenda wapi? Wewe una safari mbili. Moja ya kila siku, kilomita 50 za tambarare. Nyingine ya Wundanyi, mara mbili tatu kwa mwaka. Leaf hiyo ukiipima kwa safari ya kwanza ni gari moja, ukiipima kwa ya pili ni gari jingine.

Tuanze na zile kilomita 400. Muuzaji hakuibuni namba hiyo. Ndivyo Leaf ya kilowati-saa 40 ilivyopimwa kwao Japani ilipotoka 2017, kwa kipimo chao cha zamani kiitwacho JC08, ambacho hupima gari likienda taratibu mno. Kipimo kipya cha Wajapani kiliipa kilomita 322, Wamarekani wakaipa 243. Gari ni lilelile, tena likiwa jipya. Kwa barabara zetu mimi ningeanzia hiyo 243.

Sasa kijiti kilichopotea. Vile 12 havikugawanywa sawasawa. Cha kwanza hakiondoki hadi betri iwe imepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, ndipo vinavyofuata huondoka kwa kila asilimia 6 hivi. Kwa hiyo "kimoja tu" maana yake ni kwamba unauziwa betri ya asilimia themanini na kitu. Chukua 243 upunguze, unabaki na kama 200. Washa kiyoyozi, nenda mwendo wa barabara kuu, na hata hizo 200 hazifiki.

Kwa kilomita zako 50, mwanangu, hiyo ni betri tele. Ungechaji usiku mmoja, ukaruka mmoja. Kwa Wundanyi hadithi ni nyingine, kwa sababu kuna jambo ramani haisemi. Mtwapa iko pwani na Wundanyi iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kulipandisha gari la uzito ule na abiria wake hadi kule juu kunakula yuniti 7 hivi za betri (yuniti moja ni kilowati-saa moja), mbali na zile za mwendo wenyewe. Ni sawa na kuongeza kilomita 40 za tambarare kwenye safari. Zile kona baada ya Mwatate ungezipanda ukiwa na wasiwasi tele na kiyoyozi umekizima, pengine usifike kabisa. Kushuka kuna raha yake, maana mota hugeuka jenereta na kuirudishia betri sehemu ya ulichokula, lakini utashukaje kabla ya kupanda? Na chaja za njiani usizitie kwenye hesabu kabla ya kuhakikisha ipo, inafanya kazi, na ina kichwa cha CHAdeMO. Hilo ndilo tundu la chaji ya haraka la Leaf ya aina yako, na magari mengi mapya ya umeme yanakuja na tundu la aina nyingine.

Nimeisikiliza sauti ya mume wako mara mbili kwa jinsi ulivyoiandika. Umesema hataki hata kusikia. Mimi nimemsikia akiuliza mambo matatu: betri imeliwa kiasi gani, joto litaifanya nini, na ikifa itapatikana wapi. Fundi yeyote angeanzia hapohapo. Anaishi Doha na kazi yake ni gari; joto na betri anavijua kwa mikono yake. Na hakosei. Leaf ya aina yako haina maji ya kupoza betri, inategemea hewa tu. Mwaka 2012 wenye Leaf za mwanzo huko Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, walianza kuona vijiti vikitoweka kabla ya wakati, wakaenda mahakamani, na mwishowe Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Baadaye kemikali za betri ziliboreshwa, na yako ni ya kizazi cha baada ya hapo. Tena Mombasa si Phoenix, sisi hatufiki nyuzi 40 na kitu. Lakini nasi hatuna usiku wa baridi wa kuipumzisha, na gari likishinda juani betri imejaa pomoni, betri hiyo inazeeka haraka.

Kwa hiyo swali lake la kwanza lijibu kwa kipimo, usilijibu kwa hasira. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari, na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Vikiunganishwa vinakuonyesha asilimia halisi ya afya ya betri, mara ngapi imechajiwa haraka na mara ngapi polepole, na hali ya kila moja ya zile jozi 96 za seli, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri kubwa. Jozi moja ikiwa imelegea kuliko wenzake, hiyo ndiyo itakayokuzimisha daraja la Nyali. Usiamini vijiti peke yake, kuna ujanja wa kufuta kumbukumbu ya kompyuta ili vijiti virudi kwa muda. Omba nusu saa ya kupima. Muuzaji akikubali, piga picha kila ukurasa umtumie baba watoto. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Kuna sehemu ya barua yako iliyoninyima usingizi zaidi ya betri, nayo ni extension ya dirishani.

Waya wa kuchajia unaokuja na gari kutoka Japani huvuta kama kilowati 3, na kuijaza Leaf ya aina yako kutoka sifuri ikiwa mpya ilikuwa kazi ya saa 16. Pasi yako nayo inavuta nyingi, lakini unapiga nguo mbili unazima. Hapa kwangu niliwahi kuacha jiko la umeme la plagi likipika maharage kwenye extension. Nilipokwenda kuchomoa, plagi ilikuwa laini kama mshumaa na imeacha alama ya kahawia ukutani. Hayo yalikuwa maharage ya muda wa saa tatu. Wewe unasema masaa mengi, usiku, mvua za masika zikija, waya umepita dirishani kwa jirani wa chini, watoto wamelala sebule hiyohiyo. Gari la umeme linataka laini yake yenyewe kutoka kwenye mita, waya mnene, kikata-umeme chake, na waya wa ardhini (earth) uliopimwa kweli na fundi mwenye leseni. Fundi wa ploti ni mtu mzuri wa kubadilisha balbu.

Na laini hiyo itapita kwenye ukuta wa nani? Wa mwenye nyumba. Umeshamuuliza? Wengine hukubali ukiweka mita ndogo yako na kulipa gharama, wengine huona wivu wa stima wakakataa. Ukihama mwakani, laini unaiacha. Mimi ningeongea naye kabla ya kuongea na muuzaji, kwa maana gari unaweza kupata jingine lakini maegesho yenye stima salama ndiyo adimu. Muulize pia mwajiri wako. Hospitali nyingi zina maegesho na umeme usiokatika, na wewe usiku mwingine uko zamu, gari liko huko. Tangu 2023 kuna hata bei maalumu ya stima kwa kuchaji magari, ikiwa na mita yake, na usiku ni nafuu zaidi. Kwa mteja mmoja wa ploti inaweza kuwa mlolongo, kwa hospitali ni barua moja tu.

Nisije nikakutisha ukadhani naichukia Leaf. Hesabu ya daftari lako inaitetea. Kwa matumizi ya kawaida inakwenda kilomita 5 hadi 6 kwa kila yuniti inayotoka ukutani, hivyo kilomita zako 50 ni yuniti 9 au 10, tuseme shilingi 300. Petroli kwa gari la kilomita 14 au 15 kwa lita ingekuwa 600 na zaidi. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi za kuwasha, hakuna mkanda wa kukatika Mariakani. Breki zinadumu kwa sababu mota yenyewe ndiyo inayosaidia kupunguza mwendo. Marehemu angelilia biashara. Yaliyobaki ni ya gari lolote: matairi, bushi, na ile betri ndogo ya volti 12, maana hata gari lenye betri kubwa sakafuni linakataa kuwaka ile ndogo ikifa, na watu wengi hudhani gari zima limekufa. Matuta nayo uyapite kwa adabu, upenyo wa chini ni sentimita 15 hivi na betri ndiyo iliyolala hapo. Redio itakusalimia kwa Kijapani, utazoea.

Swali la mwisho la mume, betri nyingine ipatikane wapi, sina la kulipamba. Zinaagizwa, nyingi kutoka kwenye Leaf zilizopata ajali, na zinakula sehemu kubwa ya thamani ya gari. Siku ya kuliuza, wanunuzi watauliza kama alivyouliza yeye. Probox hata ukiiuza ya zamani, watu wanapigana. Hilo ni zito kwa familia ambayo akiba yote imeingia humo.

Na hiyo Probox. Umeicheka kwa kabichi, nami nimecheka nawe. Halafu nikasoma tena: "akirudi abebe mboga za mama." Mwanangu, mume wako amekwambia kwamba anarudi. Mtu aliyeendesha magari ya watu miaka sita amekaa Doha akapanga maisha yake ya nyumbani, akaona shamba la mamako, akaona soko la Kongowea, akaona gari la kuviunganisha. Hiyo inaweza kuwa ndoto au biashara, sijui. Lakini dada yako anaposema hataki mke ashike usukani, mimi silioni hilo kwenye maneno yake. Umewahi kumuuliza anarudi lini? Maana akirudi baada ya miezi sita, hesabu ni nyingine. Akirudi baada ya miaka mitatu, Probox ingekaa ikikunywesha petroli wewe peke yako kwa mshahara wako, na hilo naye inampasa alitazame. Je, amewahi kuliona lile daftari lako? Anajua kuhusu mkoba, au ulimficha asipate presha?

Nimekuuliza hilo la mkoba kwa sababu huenda kufichana kulianza hapo. Wiki mbili za siri ni fupi, lakini kilichoko ndani ya wiki hizo ni laki 2 zisizorudi, kwa gari ambalo betri yake hamjaipima na ukuta wake hamjaupata. Likija kuwa zuri, utakuwa umeshinda kwa siri. Likija kuwa na kasoro, kila kijiti kitakachopotea kitakuwa kesi. Kwa upande mwingine sikuoni kama mtoto mdogo wa kuomba ruhusa. Milioni na laki moja ni jasho lako, na usalama wako haungoji mtu apande ndege. Kati ya kuficha na kuomba ruhusa kuna kumwambia: "Nimefika hapa, hiki ndicho nilichopima, wewe unaonaje?" Na muuzaji umwambie laki 2 ziandikwe kwamba zinarudi betri isipofika asilimia mtakayokubaliana.

Zipo na njia za kando ambazo hamjazitaja. Kuna vigari vya mseto, vyenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kama Toyota Aqua, au Nissan Note e-Power ambayo mota ya umeme ndiyo inayozungusha magurudumu na injini ndogo ya petroli inaichajia. Havitaki ukuta wa mtu na Wundanyi vinafika, ila petroli utaendelea kununua na betri navyo vinazo. Kuna kuchukua Leaf kwa ajili ya mjini, na Wundanyi mkaenda kwa treni hadi Voi na matatu ya kupanda, kabichi za mama zikasubiri Probox ya mwaka wa kurudi. Kuna hata kukodi gari mwezi mmoja uone kama ni usukani unaoutaka au ni kufika nyumbani bila woga. Kila moja ina mahali inapouma, na anayejua panapovumilika ni wewe na yeye.

Saa za Doha na Mombasa ni zilezile, hakuna wa kumwamsha mwenzake. Chagua siku ambayo hujatoka zamu ya usiku, chukua daftari, mwanzie na ile Februari kabla ya kulitaja gari. Ukishapima betri, niandikie ilisema asilimia ngapi.

Wako,
Somo